Sawa ya Mama Mkwe

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu yasiyojua kama yanataka kuwa mvua au yanapita tu, na dalali aliyatazama dirishani kwa chuki, kwa sababu yalifanana na wateja wake.

Mtaani walimwita Imeshauzwa. Jina alilipata kihalali. Mteja akitabasamu tu sebuleni, yeye tayari yuko nje na brashi, anaandika IMESHAUZWA ukutani kwa rangi nyekundu. Jioni mteja anapiga simu kuahirisha, na kesho yake dalali anarudi na ndoo ya chokaa kufuta. Kuna kuta mtaani zilizokuwa na chokaa nene kuliko matofali.

Nyumba iliyomtoa jasho zaidi ilikuwa ya mama mkwe wake. Mteja wa kwanza alijitoa kwa sababu mkewe ameota. Wa pili alikuwa anamsubiri kaka yake aliye safarini, na huyo kaka hakuwa na mpango wowote wa kurudi. Wa tatu alisema, "Tumeomba, lakini hatukupata amani." Hiyo ndiyo iliyomkata maini. Ndoto unaweza kubishana nayo. Amani ya mtu utaibishia wapi?

Si kwamba yeye hakuwa na lugha yake. Ukuta uliopasuka aliuita "nyumba inayopumua." Baa ya jirani iliyokesha na muziki ilikuwa "mtaa uliochangamka." Na neno sawa alilijua kuliko mtu yeyote: mteja akilitamka huku anatazama dari, atanunua, akilitamka huku anatazama mlango, huyo amekwenda.

Yote yalianza siku mkuu wa ofisi yao ya udalali alipomwambia waziwazi, "Mwezi huu usipouza hata banda, meza yako ataikalia mwingine." Dalali akavaa koti, akaenda kwa mama mkwe. Akamweleza kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba zile ngazi zitamaliza magoti yake, na kwamba nyumbani kwake na mkewe kuna chumba cha uani kinamsubiri. Kuhusu meza hakusema kitu. Mama alitazama mlango, akajibu taratibu, "Sawa, baba." Dalali akatoka hapo anapiga mluzi.

Leo mteja wa nne, daktari wa meno, alikuwa anakuja na mkewe kutia saini. Mkuu wa ofisi naye angekuja kujionea, maana simulizi alikuwa amezichoka.

Dalali na mkewe walifika mapema. Mke aliingia jikoni kuandaa chai, naye akaenda kumwita mama. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, mama alikuwa akisali kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani aliyekaa naye kitandani.

"Baba, huyu daktari ni mtu mwema, nimemwona. Mpe nyumba nzuri kuliko hii. Wale watatu uliwapa, ahsante, na yule wa ndoto nasikia amepata hadi bustani. Huyu naye usimsahau. Na mkwe wangu mpe wateja mpaka achoke, ila waelekeze mtaa mwingine. Mimi nitamwambiaje hapana, Baba? Ni mkwe wangu, na alikuja amevaa koti."

Dalali aliushusha mkono aliotaka kubishia hodi. Mwezi mzima na yeye alikuwa akipiga magoti kila alfajiri, akiomba nyumba hiyohiyo iuzwe. Kumbe wawili wao wamekuwa wakipeleka maombi mahali pamoja, na mmoja alikuwa anajibiwa! Akakumbuka macho ya mama siku ile. Angekuwa mteja, angemwelewa palepale.

"Mbona umeganda kama nguzo?" mkewe alimnong'oneza koridoni. "Wageni wako getini."

"Mama hataki kuuza."

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia. Anamwambia Mungu."

"Mimi si nilikuambia umuulize vizuri? Ukanijibu mama ameshasema sawa."

"Sasa meza yangu?"

"Meza gani?"

Ikabidi amweleze. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mama yangu ahamie uani ili wewe ukae mezani?"

Wageni walikuwa wameshaingia.

"Leo brashi nimeibeba mimi," mkuu wa ofisi alitania huku akipanga karatasi. Mama alikuja na gauni lake la ibada, akakaa, akaisogelea kalamu.

"Uko tayari, mama?" daktari aliuliza.

"Sawa, mwanangu." Macho yalikuwa mlangoni.

Dalali akaweka kiganja juu ya karatasi. "Samahanini. Nyumba haiuzwi."

"Umesemaje?" mkuu alifoka.

"Mama hakuwahi kukubali. Nilimzunguka. Nilisingizia magoti yake, kumbe nilikuwa naitetea meza yangu."

"Baba, usijiaibishe mbele za watu," mama alisema.

Mke wa daktari alishusha pumzi. "Mimi tangu jana sikuwa na amani."

"Si ungesema!" mumewe alishangaa.

"Ningesemaje, na wewe umeshawatangazia ndugu zako wote?"

Mkuu wa ofisi alinyoosha mkono. "Funguo za ofisi, Imeshauzwa. Zote."

Dalali akazitoa, akazihesabia kiganjani mwake moja moja. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, unataka kuuza nyumba yako?"

"Hapana," mama alisema, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akarudia, safari hii kwa sauti. "Hapana!"

Dalali akasimama. Mkewe alikuwa kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi. Daktari na mkewe walikuwa bado vitini. Mkuu alikuwa na funguo mfukoni na miguu haijaondoka.

"Mbele ya hawa wote," dalali alianza, "Mungu akipenda, mimi sita..."

"Mungu mwache," mama alimkatiza. "Yeye ameshafanya yake. Sema wewe."

Dalali akaanza upya. "Nyumba hii siiuzi, mama. Sileti mtu kuiangalia, siandiki kitu ukutani, wala sikugusii habari zake, mpaka siku utakayoniita wewe mwenyewe. Na usiponiita, basi."