Vijisanduku Mia Mbili Kumi na Vinne

Mdogo wangu alianza kutetemeka mikono mwaka jana, baada ya homa iliyomlaza mwezi mzima. Si kutetemeka kwa kumwaga chai. Ni kidogo tu, kama ukuta unavyotikisika cherehani inapokimbia chumba cha pili. Lakini yeye ni fundi wa kukata, na fundi wa kukata anaishi kwa chaki. Mkasi haukumpa shida, kwa sababu mkasi mkubwa unalala mezani na meza ndiyo inayoubeba. Shida ilikuwa kuchora. Mstari wa kwapa ulianza kumtoka na mawimbi, na mashati mawili yakarudishwa.

Msimamizi wa karakana si mtu mbaya. Alimwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa saa sita mchana ataleta vipimo vya sare mpya, na kama michoro haitakuwa imenyooka, meza ya kukatia atapewa mtu mwingine, naye mdogo wangu atahamia kwenye vifungo. Mdogo wangu alinisimulia hayo huku akicheka. Kushona vifungo kwa mikono ile! Tulijua wote wawili kwamba maana yake ni kwenda nyumbani.

Wiki hiyo mjukuu wangu alikuwa likizo kwangu. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Aliposikia habari hiyo hakusema pole. Alivuta kiti karibu na mdogo wangu, anayemwita Bibi Mdogo, akafungua kompyuta yake, akaanza kumhoji. Ukishapata kifua, bega unalipataje? Kwapa unalizungusha kutoka wapi? Mdogo wangu akasema kila kwapa analiongezea upana wa kidole kimoja, kwa sababu watoto wanainua mikono na watu wazima wanasahau hilo. Sindano akakipima kidole chenyewe kwa futi kamba, akakiandika ndani ya programu, akakipa jina: kidole cha Bibi Mdogo.

Kufikia Jumatano programu ilikuwa tayari. Unaipa vipimo, nayo inachora mistari kwenye karatasi za kawaida za printa. Unaziunganisha kwa gundi, unaziweka juu ya kitambaa, unakata. Ilifanya kazi kwenye kompyuta yake, inayoendeshwa na Linux. Ilifanya kazi pia kwenye Mac ya mwanangu, ingawa huko ilibidi kwanza asakinishe zana zake, na mwanangu akalalamika asubuhi nzima kwamba amenyang'anywa mashine. Ilibaki ya karakana: Windows, ya zamani, yenye kitufe kimoja kilichobandikwa plasta.

Nilimuuliza kwa nini asiihamishe tu ile programu kama ilivyo, kama mtu anavyohamisha sufuria. Akanijibu kwa lugha yangu.

"Bibi, mimi sibebi shati. Nabeba vipimo na maelekezo. Kila nyumba inashona kwa cherehani yake, na hii ya karakana haina hata sindano. Ndiyo maana namletea zana kwanza."

Zana zenyewe zilizaliwa kwenye mifumo ya Unix, ukoo mmoja na Linux yake, akasema, na Windows inazipokea kama mgeni aliyekuja bila taarifa: inampa kiti, lakini inamwangalia. Alhamisi mchana alizileta kwenye flashi. Zilichukua saa tatu kuingia. Kisha akanakili maelekezo yake, akanyoosha mgongo, akasema kujenga, yaani kuyafanya maelekezo yawe programu kamili, kutakuwa kesho asubuhi. Akamshika Bibi Mdogo mkono, wakaondoka pamoja. Mimi nilibaki kufunga milango, kwa sababu ufunguo bado ninao tangu enzi zangu za kushona kola.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Kompyuta ile naijua. Ndiyo niliyoandikia orodha za vipimo miaka yote, kwenye Notepad. Nikasema nitazame kidogo kazi ya mjukuu wangu. Nikalifungua faili la maelekezo ya kujenga. Masikini, lilikuwa limevurugika lote. Maneno yalikuwa yamerundikana kwenye mstari mmoja mrefu usio na mwisho, na kila baada ya maneno machache kuna kijisanduku cheusi, kama fundo kwenye uzi. Niliwaza: mtoto amehangaika wiki nzima, na hii mashine ya zamani imemchanganyia nyuzi.

Sikuwa na haraka. Nilivuta kiti, nikavaa miwani. Kila kijisanduku nilikifuta, nikabonyeza kitufe cha kushuka mstari. Kijisanduku, futa, shuka. Kama kufumua pindo. Vilikuwa mia mbili kumi na vinne, najua kwa sababu niliviwekea alama za penseli kwenye karatasi nisije nikapotea. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa umenyooka unapendeza. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda nyumbani nimeridhika. Sikumwambia mtu. Nilitaka asubuhi aone mambo yanakwenda tu.

Hayakwenda. Saa mbili na nusu Sindano aliandika amri ya kujenga, na skrini ikajaa malalamiko, moja kwa kila mstari. Kila amri haijulikani. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Akadhani zana hazikuingia vizuri, akaziondoa zote, akaziingiza upya. Safari hii alizichagua chache tu za lazima, na bado saa nne ikapita, saa tano ikaja. Malalamiko yakarudi, yaleyale.

Alikuwa akiongea na mashine chini kwa chini. Maelekezo haya haya yamekubali kwingine kote, alikuwa akiiambia, wewe una nini? Bibi Mdogo alikaa kwenye benchi, mikono ameikalia ili isionekane. Akamwambia mtoto asijiumize, vifungo navyo ni kazi. Sindano hakugeuka, lakini niliona masikio yake yamekuwa mekundu, kama alipokuwa mdogo na anajizuia kulia.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai nilichomletea. Ndani yangu nilijitetea. Nilikuta fujo, nikapanga, kupanga kunaharibu nini? Lakini saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na dakika kumi.

"Mjukuu wangu," nikasema, "jana nililigusa faili lako."

Akageuka. Nikamweleza yote, vile vijisanduku na penseli. Sindano akaacha kibodi, mdogo wangu akaacha kukalia mikono.

"Vyote? Kimoja kimoja?"

"Mia mbili kumi na vinne."

"Na hukuruka hata kimoja?"

"Kwa nini niruke?"

Akaweka kichwa mezani. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanamruka. "Mke mwenzangu," akasema, "babu alivumilia mengi."

Akanieleza huku vidole vikiwa vimeshaanza kazi. Kwenye Unix mwisho wa mstari una alama moja isiyoonekana. Windows inaweka mbili. Notepad ya zamani haiijui ile moja, ndiyo maana inaichora kijisanduku na kuunganisha mistari yote. Mimi nilipoifuta na kushuka mstari kwa Windows, kila mstari ukapata alama ya pili, na zana zake zikaona mkia mwisho wa kila amri zikakataa kuitambua. Ni kama pini ya kubania iliyosahaulika ndani ya mshono. Nguo inaonekana safi, lakini mvaaji anachomwa.

Kuziondoa hakukuchukua hata muda wa kupuliza chai. Miongoni mwa zana alizoleta kulikuwa na moja ndogo ya kazi hiyohiyo. Akaandika amri tena. Mistari ikapita kwenye skrini bila kulalamika, na saa tano na dakika arobaini printa ikaanza kutema karatasi za jaribio.

Msimamizi alifika na vipimo vyake mfukoni. Sindano akaviingiza mbele yake, karatasi zikatoka, mimi na mdogo wangu tukaziunganisha kwa gundi. Msimamizi akashika ile ya kwapa, akaiweka kwenye mwanga, akaizungusha. Akauliza nani ameweka upana huu, maana vitabu havina.

"Kidole changu," akasema mdogo wangu.

Akaitandaza juu ya kitambaa, akaweka mkasi mezani, akakata kutoka bega hadi pindo bila kusimama. Msimamizi alingoja afike mwisho. Kisha akachukua bahasha ya oda yote, akaiweka kwenye meza ya mdogo wangu, upande wa kulia, anapopenda kuweka vitu vyake.

Sindano aliondoka kesho yake. Niliogopa kwamba atalifunga faili lile kwa nywila, na nisingemlaumu. Hakulifunga. Alipokwenda ndipo nikakuta kwenye skrini alama mpya, picha ya kimkasi. Chini yake ameandika: Anza hapa. Nilimpigia simu kumuuliza. Akasema ukibofya hapo, mashine inaondoa kwanza mikia ya mistari yote, ndipo inajenga.

"Kwa hiyo nikifungua tena?"

"Fungua, Bibi. Panga unavyotaka. Mimi nimeshapita nyuma yako."