Kiti cha Kulalia

"Nyoosha miguu," Dada alisema, na kabla hajajibiwa akauchomoa mto uliokuwa chini ya magoti ya mdogo wake.

Mama Pacha alitoa ukelele uliomshtua hata yeye mwenyewe. Mshono wake, uliotoka nyonga hii hadi nyonga ile, ulivutika kama kitambaa kisichotosha kinacholazimishwa kufika kwenye msumari. Alikijua vizuri kitambaa cha namna hiyo. Huchanika.

"Rudisha mto, Dada."

"Mgonjwa hulala chali, kanyooka. Ukilala umejikunja utapona umejikunja, utembee umepinda kama ndoano, watu wakucheke."

"Daktari ndiye aliyesema nijikunje. Mgongo juu, magoti juu, tumbo lilegee. Si nimekuonyesha karatasi?"

"Karatasi haijawahi kuuguza mtu," Dada alisema, lakini mto akaurudisha.

Ilikuwa siku ya sita tangu upasuaji, na siku zote hizo Mama Pacha hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Mito minne ilipangwa mgongoni, miwili magotini, na yote ilikuwa kama ina miguu. Akianza kusinzia inateleza, naye anateleza nayo, mshono unamwamsha. Kulala ubavu hawezi. Kulala kifudifudi asifikirie. Mrija mwembamba ulimtoka pembeni mwa tumbo ukaingia kwenye kichupa alichokifunga kiunoni, na juu ya yote hayo kulikuwa na mkanda mpana uliombana kuanzia mbavuni. Lakini kilichomkera kuliko maumivu ni kwamba kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa makochi. Nusu ya mtaa ilisinzia kila mchana juu ya kazi ya mikono yake, naye hakuwa na pa kulaza mwili. Ama kweli mganga hajigangi.

Tumbo lenyewe lilikuwa na habari zake. Pacha walipozaliwa, miaka tisa iliyopita, waliacha ngozi iliyoning'inia. Akipiga magoti kukaza mikanda inayobeba sponji ya kochi, ngozi ile ilijikunja, ikaloa jasho, ikafanya vidonda. Hivyo ndivyo alivyomweleza daktari mwanzo. Kisha akaona anajizungusha bure, akasema na la pili: hakupenda kuliona. Kila siku alikata kitambaa kilichozidi kwenye viti vya watu, na hakuona kwa nini cha kwake peke yake kiachwe kining'inie. Hakumwomba mtu ruhusa.

Mumewe, Baba Pacha, hakumkataza, ila aliona haya. Kwa mama yake alisema mkewe ametolewa uvimbe. Basi uvimbe ule ukaanza kukua. Kwa mama mkwe ulikuwa kama ngumi. Ulipofika kwa wifi ukawa kama kichwa cha mtoto, na juzi jirani alimpa Dada pole kwa uvimbe uliokuwa na nywele. Leo mama mkwe alikuwa anakuja na binti yake kumwona mgonjwa.

"Wewe baki chumbani, jifunike, kohoa kohoa kidogo," Baba Pacha alikuwa amemwelekeza. "Mengine niachie mimi."

"Nikikohoa napasuka."

"Basi gugumia."

Saa nne asubuhi kiti kikafika. Alikileta Fundi Randa, seremala aliyeshiriki naye kibanda cha kazi, mzee mkavu aliyepewa jina hilo kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Kilikuwa kiti kirefu, chenye mgongo ulioegama na sehemu ya kuinulia magoti. Mama Pacha alikibuni mwenyewe kabla ya kwenda hospitali, na mzee alikitengenezea fremu, akakijaza sponji, akakivalisha kitambaa kwa mikono yake isiyozoea kitambaa. Kilipitishwa kwa shida mlangoni, kikawekwa sebuleni, maana chumbani kitanda kilikuwa kimemaliza nafasi yote.

Mama Pacha alitoka chumbani akiwa ameinama, mkono mmoja ukutani. Dada alimshika kwapa. Akajiteremsha taratibu, akaegemea, akainua miguu. Wote wakamtazama.

"Eeh?" Fundi Randa aliuliza.

Mgongo wa kiti ulikuwa umelala mno. Magoti yalikuwa chini. Tumbo lilivutwa juu na chini kwa pamoja, na machozi yakamlenga, si ya maumivu bali ya hasira, kwa sababu alilijua kosa na alijua ni la nani. Wiki moja kabla ya kisu alilala juu ya meza ya kazi, mzee akamzungushia chaki. Alipimisha mwili ulionyooka. Mwili ule haukuwepo tena. Yeye, aliyewagombeza wateja kila siku kwa kumletea vipimo vya kukariri!

"Umefuata chaki, mzee," alisema. "Chaki ndiyo imekosea."

Baba Pacha akatazama saa. "Si neno. Kitoke, kirudi kesho. Mama na wifi yako wako njiani. Twende kitandani, mke wangu."

Kitandani. Mito sita yenye miguu, shuka hadi kidevuni, na uvimbe wa kugugumia. Mama Pacha alikitazama kiti, akamtazama mumewe, akapiga moyo konde.

"Hakitoki. Kifumuliwe hapa hapa."

"Hapa sebuleni?"

"Mimi leo nalala. Mvua inyeshe, wakwe waje, nalala. Lete kisu cha mkate."

Akaketishwa kwenye stuli, Dada akimwegemeza mgongo, akaanza kutoa amri kama yuko kazini. Fundi Randa aling'oa pini moja baada ya nyingine, akizitema sakafuni kutoka mdomoni alikozihifadhi kwa mazoea. Kitambaa kikavuliwa. Sponji ikatoka, ya njano, pana, nzito kuliko ilivyoonekana. Mama Pacha akaomba chaki, akachora mstari wa mshazari. Mara hii hakupima kwa futi. Alimwambia Dada amwinue miguu mpaka mahali tumbo liliponyamaza, na hapo akasema, "Pima hapa. Kutoka sakafuni hadi kwenye goti langu la leo."

Dada akapima kwa shubiri, uso umemkunjamana. Akapima tena. "Kumbe unahitaji juu hivi?" alisema polepole. "Na mimi nilikuwa nakunyoosha."

"Ulikuwa unaninyoosha, Dada."

"Si ungepiga kelele zaidi."

Kipande kilichokatwa kiunoni mwa kiti kikahamishiwa magotini, kingine kikasimamishwa nyuma ya mabega. Makombo ya sponji yalijaa kila mahali, juu ya meza, ndani ya viatu, kwenye nywele za Baba Pacha, ambaye sasa alikuwa amepewa kazi ya kukivuta kitambaa huku mzee akipigilia.

"Vuta, shemeji!" Dada alisema. "Mwanamume mzima unakishika kama kimelala."

Hapo ndipo hodi ilipobishwa mlangoni, na kwa kuwa nyundo ilikuwa inalia hakuna aliyesikia mpaka mama mkwe aliposimama katikati ya sebule na kapu la matunda mkononi, wifi nyuma yake.

"Mgonjwa yuko wapi?" mama mkwe aliuliza, kisha akamwona juu ya stuli, chaki mkononi. "Mkwe wangu! Uvimbe wote ule, nawe unafanya kazi?"

Baba Pacha akakiachia kitambaa. "Mama, karibu, karibu. Alikuwa anaingia chumbani sasa hivi. Daktari alisema uvimbe..."

"Hakukuwa na uvimbe," Mama Pacha alisema.

Nyundo ikanyamaza.

"Sikuwa na uvimbe, mama. Nilikuwa na ngozi ya tumbo iliyozidi, nimeikatisha. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikatia saini kwa mkono wangu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, sina cha kuficha."

Wifi akaweka mkono kifuani. "Umekatwa tumbo kwa urembo tu?"

"Kwa urembo, kwa vidonda, na kwa kutaka kwangu. Chagua linalokupendeza, wifi."

Mama mkwe alilitua kapu sakafuni, akakaa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimefunga siku tatu. Siku tatu sijala mchana, namlilia Mungu juu ya uvimbe."

"Mungu amesikia, mama. Sina uvimbe."

Fundi Randa aliinama haraka kutafuta pini ambayo haikuanguka, mabega yakimtikisika. Mama Pacha mwenyewe hakucheka. Aliona uso wa mwanamke yule, jinsi ulivyolegea, akaona aibu iliyokuwa yake kweli, tofauti na ile aliyokuwa akibebeshwa.

"Kwa kufunga kwako nashukuru," alisema. "Na kwa uongo nisamehe. Haukutoka kinywani mwangu, lakini niliuacha utembee. Hilo ndilo kosa langu. La tumbo si kosa."

"Mimi ndiye niliyesema, mama," Baba Pacha alisema, akiwa na makombo ya sponji kwenye nyusi. "Niliona haya."

"Haya ya nini? Tumbo lako?" mama yake alimkata. Kisha akamgeukia mkwe, na sasa sauti ilikuwa imerudi. "Lakini nawe! Mimi nimezaa saba. Saba! Tumbo langu limenifika mapajani na sijamkimbilia daktari yeyote anipunguze. Tumbo ni heshima ya mama. Wewe ni nani hata uivute ngozi aliyokupa Mungu?"

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, mama. Mimi nimevuta yangu." Akapumua, kwa sababu kusema kwa nguvu kulimuuma. "Lako ni heshima, nakubali. Ila tangu niolewe sijasikia mtu yeyote akikuuliza kama unalipenda."

Wifi alimtazama mama yake. Dada alikuwa amemshika mdogo wake mabegani, na Mama Pacha alisikia vidole vile, vilivyomnyoosha kwa nguvu siku sita, vikimshikilia kama vinavyoshikilia kitu chao.

"Mzee, pigilia pini ya mwisho," alisema.

Mzee akapigilia. Mama Pacha akasimama kwa kujikunja, bila kujaribu kuficha kuinama kwake, akavuka sebule hatua kwa hatua mbele ya macho yote. Akajiteremsha. Mgongo ukapokelewa. Magoti yakapokelewa. Tumbo likatulia, likaacha kudai chochote, kwa mara ya kwanza tangu kisu.

"Chai ipo jikoni, Baba Pacha atawahudumia," alisema. "Mnisamehe, wageni wangu. Nalala."

"Mbele za watu?" wifi alinong'ona.

"Mbele za watu."

Akafumba macho. Alisikia wakimsema, hakuyafungua. Alisikia "kichaa" na "watoto wa siku hizi" na "wakati ule sisi." Alisikia Dada akijibu mahali fulani, kwa ukali, kwamba magoti lazima yawe juu, karatasi imeandika. Kisha maneno yakaanza kuachana, moja likaja bila jingine, halafu hayakuja tena.

Fundi Randa alibaki na nyundo mkononi, akiogopa kuirudisha sandukuni isije ikagonga chuma. Baba Pacha alipita na sinia akinyata. Wifi alianza kusema jambo, na mama yake akamnyooshea kidole.

"Sss. Hujaona mtu amelala?"

Na kweli alikuwa amelala. Alikuwa anakoroma, mdomo wazi, mbele ya wakwe zake, saa sita ya mchana. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, chai ikipoa. Halafu akajisogeza kwenye kiti chake, akalibeba tumbo lake kwa mikono miwili, akaliweka vizuri mapajani jinsi alivyolizoea kwa miaka arobaini, na mikono ikabaki pale pale, ikilipima uzito.