Mji Sikuutaka, Nilitaka Mawe

Minye Apolline nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri, basi. Lakini ile digi ya avenyi yetu, mtaa wetu hapa Uvira, ukuta wa mawe unaouzuia mto Mulongwe usiingie majumbani, niliimaliza kwa kitendawili.

Kila nyumba ilileta mawe. Asha, mke wa mwenye duka, alibeba kwa beseni kichwani, na mutandio wake haukuanguka hata mara moja. Ikabaki nafasi ya upana wa mulango, nyuma ya parseli, kiwanja cha jirani yetu Rémy. Na mawingu yalikwisha kukaa juu ya milima.

Rémy alikuwa na fungu kubwa la mawe uani, ya kuzungushia nyumba yake peke yake.

"Bibi, mukiziba hapo, maji haifiki kwangu," akacheka. "Sasa minye nitoe mawe ya nini?"

"Tumuachie hiyo nafasi," akasema Asha. "Maji imubebe na suruali zake!"

"Ikimaliza suruali zake itaingia kwako, binti yangu," nikamwambia.

Nikamugeukia Rémy. "Kitendawili!"

"Tega!" Mwanaume gani atakimbia kitendawili mbele ya wanawake?

"Minye niko nacho, weye uko nacho. Hatukugawana, na hakipungui. Hata nikikuchukia, siwezi kukunyima."

"Ugali."

Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. "Ugali nikiumeza, weye utaupata wapi?"

"Nyumba."

"Yangu iko na kufuli."

"Basi, redio."

"Ukiniudhi naizima."

Akakuna kichwa. "Nimeshindwa. Nakupa mji: chukua Luvungi."

"Luvungi ni mbali na magoti yangu."

"Katogota."

"Mji sitaki. Nipe fungu lile la mawe."

Kwetu, aliyeshindwa hapewi jibu mpaka mutegaji akubali alichopewa. Rémy akatazama mawe yake, akatazama milima, ilikuwa nyeusi.

"Chukua, Bibi. Jibu ni nini?"

"Umesimama juu yake."

Akatazama miguu yake: ilikuwa juu ya digi, pale inapoishia. Akavua shati, na jiwe la mwisho, kubwa kuliko yote, alilibeba mwenyewe.

Mvua ilinyesha siku mbili. Mulongwe ulikuja na miti mizima, ukagonga, ukageuka, ukaenda zake ziwani. Avenyi nzima, hata kandambili moja haikuelea.

Mpaka leo nyumba ya Rémy haijazungushiwa ukuta wake. Mugeni akipita, anamuvuta mukono mpaka mutoni: "Ona digi yetu!" Minye namusikia kutoka jikoni, nasonga ugali wangu, na mwiko unacheza wenyewe.