Kikwembe ya Angèle Mbele ya Ekrani

Asubuhi ile Lucien, mujukuu wangu, alisema neno moja tu, na mi nikashindwa kumaliza kufagia.

"Kaku, tukishindwa tena siku ya Mungu, kesho yake narudia ku Mashamba."

Ku Mashamba njo kule udongo ulifunikaka Gael, kaka yake, mu shimo ya shaba. Hatukumupata. Tulizikaka shati yake.

Tangu pale Lucien aliacha kuchimba. Siku zote iko ku mutaa wa Dilala, mu salle ya michezo ya tata Tshiamala, anacheza muchezo wa vita mu kompyuta. Tata Tshiamala aliahidi: kama timu yao inashinda mechi ya siku ya Mungu, ile Jumapili, Lucien njo atachunga salle. Kazi ya kweli, juu ya udongo, haiko chini. Lakini mutoto wangu alikuwa anapiga watu wa timu yake mwenyewe. Guelord, kapiteni wao, alimuchekelea mbele ya bote:

"Muua-bandugu! Adui beko na majina nyekundu, shiye kijani. We unaona nini?"

"Ekrani ya kompyuta iko ya zamani, rangi ilikufa," Lucien alijibu.

Mi niliamini. Nikauzisha mashini yangu ya kushona, tukaenda wawili kutafuta ekrani ya rangi muzuri.

Tata Kanyinda, mwenye duka, aliwasha tatu.

"Mama Charlotte, hii picha yake inakimbia sana, haikatiki. Ona vile inang'aa!"

"Tata, kitambaa ya kikwembe nayo inang'aa mu duka, kisha inalia rangi mu maji."

Nikatosha mu kitunga kikwembe ya marehemu Angèle, binti yangu, mama ya Lucien. Majani ya kijani, ndege nyekundu, midomo ya njano. Niliifua miaka na miaka, haikutoka rangi.

"Piga picha yake, uweke mu kila ekrani."

Alicheka, lakini alifanya. Mu ekrani ya kwanza ndege zilikuwa sawa mafuta ya mawese ya kuchacha. Ya pili, nilisogea kidogo kando, majani yote ikapauka. Ya tatu, nikasimamisha kikwembe pembeni yake: hata ndege moja ya karibu na pindo, ile Angèle aliunguzaka bawa na pasi, ilitoka vile vile.

"Njo hii! Lucien, ona ndege!"

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ndege gani, Kaku?"

"Zile nyekundu, mu majani."

"Naona majani. Na tubitu twa njano."

"Petit, acha kumuchezea mama," Kanyinda alisema. Kisha akamuangalia Lucien macho.

Nikamuvuta Lucien inje, ku jua, nikamupa kikwembe yenyewe mu mikono. Alipitisha kidole pole pole, sawa mutoto anajifunza kusoma.

"Mama alikuwa anaivaa kila siku ya Mungu," alisema. "Nilizani iko majani tupu."

Nikamukumbuka baba yangu, Kankolongo, ule waliletaka toka Kasai kwa kazi ya migodi. Alikuwa anachuma tomati mbichi na za kuiva pamoja, mama akimuita mutu wa haraka. Haikuwa haraka, ilikuwa macho.

Lucien alikunja kikwembe muzuri, pindo juu ya pindo, akanirudishia.

"Haiko ekrani, Kaku. Ni mi. Hata ununue ya bei gani."

Moto, pikipiki ya kubeba watu, ilikuwa inapita. Aliisimamisha, akapanda nyuma.

"Mashamba," alimuambia mwenye moto.

Magoti yangu ni ya zamani, lakini nilikimbia. Nikakamata shati yake mugongoni na mikono mbili.

"Midomo ya njano uliiona! Tata Kanyinda, adui hawawezi kuvalishwa njano mule mu muchezo?"

"Sijui, mama," alijibu toka mulangoni. "Kuna fasi ya kubadilisha rangi. Alete, tujaribu."

"Kaku, achia."

"Mama, achia, esanse ya moto inaungua bule!" mwenye moto alilalamika.

"Iungue."

Mwenye moto alizungusha gaz, moto ikavuta mbele. Vifungo viwili viliruka mu vumbi. Sikuachia. Shati moja nilishazika. Hii ilikuwa na mutu ndani.