Mtoro Namba 212

Jumanne saa tatu asubuhi fundi cherehani alifunga kibanda chake, akaandika kwa chaki mlangoni "Nimetoka kidogo", akaenda ofisi ya kumbukumbu kutafuta kifo. Kilikuwa kifo cha baba yake Bibi, na ukoo mzima ulikuwa umeshindwa kukipata. Hakikuwa kwenye daftari la vifo, hakikuwa hospitali, hakikuwa makaburini. Kilichojulikana ni kwamba mtu huyo alikwenda kupasua mawe kwenye machimbo ya kampuni Bibi akiwa na miaka minne, asirudi.

Bibi sasa alikuwa na miaka tisini, na umri wote huo ameitwa mtoto wa mtoro. Mchumba wake wa kwanza aliingia mitini kwa sababu hiyohiyo. Mama yake mchumba alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. "Nitafutie, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Kama alikufa, nimlilie. Kama alitukimbia, nimtukane vizuri. Nimechoka kukaa katikati."

Karani wa kumbukumbu alikuwa mtu mpole mwenye mafua ya vumbi yasiyoisha. Alishusha daftari la machimbo, akalamba kidole, akafunua. "Huyu hapa. Namba mia mbili na kumi na mbili. Ametoroka." Chini yake walifuata wengine kumi na wanane, wote wametoroka, siku moja, saa nne asubuhi.

"Watu kumi na tisa kwa mpigo?" fundi aliuliza. "Walitoroka au walikwenda harusini?"

Karani alieleza bila haraka. Enzi hizo mtu akifia kazini, msimamizi alitakiwa kujaza kurasa sita na kumwita daktari. Mtu akitoroka, neno moja lilitosha. "Lakini kwa nini usimuulize mwenyewe?" alisema. "Wako chini, ghalani."

Kweli walikuwa chini, wote kumi na tisa, wamekaa kwenye benchi kati ya kabati la saba na la nane, weupe pepepe kwa vumbi la mawe. Karani alipoajiriwa aliwakuta kwenye orodha ya makabidhiano, baada ya ngazi na kabla ya mitego ya panya. Namba 212 alikuwa na miaka ishirini na tisa na pua ya Bibi. Fundi, mwenye arobaini na tatu, alisita kidogo, kisha akamwamkia, maana mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba," alijibu. "Ukuta wa machimbo ulituangukia. Tunasubiri waandike."

Fundi na Namba 212 walikwenda nyumbani kwa miguu, kwa sababu dereva wa teksi alikataa vumbi kwenye viti vyake. Bibi alimtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Hukutukimbia?"

"Ningekimbilia wapi, mwanangu, nawe ulikuwa na surua?"

Bibi alilia kilio cha miaka themanini na sita. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliondoka bila kuomba. Kisha Bibi akajifuta uso, akamwambia baba yake akaoge.

Kesho yake walirudi ofisini wote watatu kusahihisha daftari. Karani aliomba shahidi wa kifo. Namba 212 akanyoosha mkono. Karani akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi amesikitika kwelikweli. Marehemu haruhusiwi kutoa ushahidi wa kifo chake mwenyewe, alisema. Tena, kwa vile amefika kwa miguu yake mbele ya mtumishi wa ofisi, daftari lilikuwa sahihi tangu mwanzo: alitoroka, na sasa amepatikana. Akaandika hivyo kwa wino mwekundu, akapiga muhuri, akampa barua. Mtoro aliyepatikana hurudi kazini, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, machimbo yaleyale.

"Machimbo yalifungwa zamani," fundi alisema. "Siku hizi ni bwawa."

"Barua haisemi hivyo, dada," karani alijibu, akapiga chafya.

Jumatatu Bibi aliamka kabla ya wote. Alipiga pasi shati ambalo mjukuu wake alikuwa amelishona jana yake, akafunga chakula, akamfunga baba yake vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni.

"Safari hii, baba," alimwambia mlangoni, "ukifa, fia mbele ya watu."