Baza ya Mlango Wetu Vällingby

Jumamosi ile, kwenye sala za jumuiya nyumbani kwetu Vällingby, tuliimba hadi tukamfungia mtu nje. Ssali alikuja na treni kutoka Tumba, upande wa pili wa jiji, akasimama mlangoni petu kwenye theluji, akarudi zake. Nilipompigia simu alisema kwa upole, "Niliwasikia mkiimba, dada Dafrosa. Nikaona mmetoshana."

Ameikimbia Uganda juzi tu, hana ndugu hapa. Nilimsihi, akakubali kujaribu mara moja tena. Nikapiga magoti: Bwana, huyu asituponyoke.

Jibu lilipitia shule ya jioni, ninakojifunza umeme na uzee wangu huu. Kengele yetu ya betri iko koridoni, na tukiimba sebuleni haisikiki. Basi nikanunua baza, kidude kinachovuma kama nyuki ndani ya kopo, nikaiweka sebuleni.

Kwanza niliziunga kwa mfuatano, umeme upite kwenye kengele ndipo uifikie baza. Zote mbili zikakohoa.

"Umeiambukiza kengele mafua," alisema Gervas, mume wangu.

"Cheka tu, Baba Severin. Hata Petro alizama, akashikwa mkono."

Nikafungua waya, nikaipa kila moja njia yake ya kwenda na kurudi kwenye betri, kitufe cha mlangoni kikiwa kile kile kimoja. Gervas akabonyeza. Nyumba ikavuma, naye akaruka.

Jumamosi ikafika. Tukaimba wimbo wa kwanza, baza kimya. Wa pili, kimya. Midomo yangu ilikuwa inaimba, moyo wangu uko mlangoni. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kufungua.

Ssali alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anaelekea kwenye ngazi za nje.

"Ssali! Mbona hukubonyeza?"

Akageuka, kofia mkononi. "Kengele ni ya watu wa posta, dada. Mimi nimepiga hodi. Nimepiga mara tatu, na asiyejibiwa mara tatu huondoka."

Kumbe na wiki ile alipiga hodi! Nami nimehangaika na waya kwa ajili ya mtu asiyegusa kitufe.

"Hodi yako haina nguvu kwa waimbaji wale," nikamwambia. "Hebu bonyeza."

Akabonyeza kwa ncha ya kidole. Baza ikanguruma, wimbo ukakatika, na sauti zote ndani zikaitika pamoja: "Karibuuu!"

Ssali alikitazama kitufe, akatabasamu, akakibonyeza tena.