Karani Anayerudi Ameoga

Yaarub bin Nasoro alikuwa na ndevu nzito, na ndevu nzito hazikauki upesi. Hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa karibu na nyumba yake pale Ngamiani, jua la adhuhuri likimchoma utosini, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua aliyoshonewa na mkewe, alipoona viatu mlangoni. Makubazi ya Turki, kaka wa mkewe. Kando yake viatu vya Bi Shamsiya, mama mkwe. Saa kama hizi Turki huwa dukani kwake sokoni, na mwenye duka hafungi duka mchana kweupe kuja kujuliana hali. Yaarub akajipangusa ndevu kwa kiganja. Kiganja kikarudi na maji.

Kabla ya kupata kazi alikuwa amekaa bure mwaka mzima na zaidi. Shamba la minazi la marehemu baba yake kule Mkwaja lilikuwa limeuzwa, naye akabaki na jina la ukoo na kanzu zake. Kila asubuhi alikwenda barazani, akanywa kahawa ya mchuuzi Mwinyijuma, akasikiliza habari za bei ya mkonge iliyoanguka baada ya vita vya Korea, kisha akarudi kula. Na wala hakuna aliyemlaumu! Watu walisema, "Mtoto wa Nasoro anangoja kazi ya cheo chake," utadhani kazi yenyewe imeshapanda meli inakuja. Aliyekuwa akiilisha nyumba ni Zeyana, mkewe, aliyeinamia kofia za viua tangu asubuhi mpaka macho yakawa mekundu, na kofia hizo ziliuzwa kwa siri kupitia kwa jirani, isijulikane kwamba nyumba ya Nasoro inakula kwa sindano ya mwanamke. Mume kukaa kitako lilikuwa jambo la heshima. Sindano ndiyo iliyokuwa aibu. Ndivyo walivyokuwa, waungwana wetu.

Siku moja Zeyana alijaribu kutunga uzi kwenye sindano akakosa, akajaribu tena akakosa, mwisho akamwita mumewe amtungie. Yaarub akamtungia bila kusema neno. Kesho yake alfajiri akafunga safari mpaka shamba moja la mkonge nje ya mji, akaomba kazi yoyote. Nyapara, Mshambaa mmoja aitwaye Eliudi, akamtazama kofia, akamtazama kanzu, akacheka. Makarani wamejaa, alimwambia. Pengo lilikuwa moja tu: topasi wa kambi ya manamba, wale vibarua wa mkataba waliotoka bara. Kuosha vyoo vyao, basi. Aliyekuwapo alikuwa ametoroka. Yaarub alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema "nimekubali" kabla kichwa hakijaulizwa. Jioni akamwambia Zeyana amepewa kazi ya ukarani stoo.

Tangu hapo akawa na njia yake. Alitoka nyumbani na kanzu, akaiacha juu ya msumari nyumbani kwa Eliudi kule Makorora, akavaa kaptula na shati la kazi. Mchana akarudi palepale, na Elizabeti, mke wa Eliudi, alikuwa amekwisha kumwekea ndoo ya maji nyuma ya ua wa makuti. Yaarub akajisugua kwa sabuni ya dawa mpaka ngozi ikamwasha, maana angeingiaje kwake na najisi ile, na angesali vipi? "Bwana Mwarabu," Eliudi alipenda kumtania, "unaoga kama bwana harusi!" Elizabeti akacheka mpaka mlangoni akimsindikiza. Na Yaarub naye alicheka, asitambue hatari iliyokuwa ndani ya utani ule. Kwa watu wake, mume akitoka asubuhi mkavu akarudi mchana ameoga, hakuna anayeuliza kama kulikuwa na joto. Josho la namna hiyo lina sababu moja tu, na sababu hiyo huvaa kanga.

Akaingia.

"Shikamoo, mama."

Bi Shamsiya hakuitikia. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, tasbihi mkononi, vidole vimetulia. Turki alikuwa kwenye kiti. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limeshushwa, na chini yake Yaarub aliona miguu ya Zeyana, imesimama wima.

"Karibu ukae, shemeji," Turki alisema, kama kwamba nyumba ni yake. "Kazi vipi?"

"Alhamdulillahi."

"Huko stoo kuna joto?"

"Kiasi."

"Na maji yapo?"

Yaarub akajifuta kidevu.

"Nauliza maji, shemeji. Maana naona ndevu zako zinachuruzika. Karani gani anayerudi kwake ameoga?"

Tone moja lilidondoka kifuani mwa kanzu, likaacha alama. Turki na mama yake walilitazama.

"Mwinyijuma amekuona," Turki akaendelea. "Si mara moja. Anapita Makorora na dele lake la kahawa, anakuona unatoka kwenye ua wa watu unafunga vifungo vya kanzu, na mwanamke yuko mlangoni anacheka. Tena mke wa mtu!"

"Yule ni mke wa Eliudi, rafiki yangu."

"Lahaula! Mpaka mumewe unamjua!"

Bi Shamsiya akainuka, akautoa Msahafu kwenye kitambaa chake cha hariri juu ya rafu, akauweka mkekani mbele ya mkwewe. Alimpenda sana kijana huyu, na ndiyo maana hakuweza kumtazama usoni.

"Apa," Turki akasema. "Apa kwamba huingii ua ule, nasi tutaondoka na kukuomba radhi."

"Naapa hakuna mwanamke."

"Sikukuuliza hivyo. Apa kwamba huingii ua ule na kuoga mle ndani."

Yaarub alitazama kitabu. Jasho likachanganyika na maji ya ndevu. "Hilo siwezi," akasema.

Nyuma ya pazia kilisikika kishindo kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta ghafla.

Hapo Turki akafanya jambo ambalo Yaarub hakulitazamia. Alisogeza kiti, akashusha sauti, akawa karibu kama ndugu. "Sikiliza. Sisi wanaume tunajuana. Haya hutokea. Sema umekosa, uachane na mwanamke huyo, umtake radhi mkeo, tufukize ubani, yaishe. Hayatatoka nje ya kuta hizi. Na yakitoka, shemeji, watu watacheka siku mbili tatu watasahau."

Yaarub alimwelewa vizuri mno, kwani aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Mzinifu barazani hupigiwa makofi ya mgongoni. Wapo hata ambao wangemwonea wivu. Lakini topasi! Nani angempa topasi kikombe cha kahawa kisha akinywee yeye? Nani angesimama bega kwa bega naye msikitini asishike pua? Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na kupita ni neno moja tu. Aliogopa, na katika woga ule akaona raha ya kuponyoka.

"Nimekosa," akasema.

"Basi," ilisema sauti ya Zeyana nyuma ya pazia. Haikuwa na kilio ndani yake, na hilo ndilo lililomtisha. "Kaka, mwambie anipe talaka yangu. Njaa nilivumilia. Macho yangu nimeyaua kwa kofia, sikunung'unika. Hili sikai nalo."

Yaarub alikuwa amehesabu atakavyotazamwa na Turki, na Mwinyijuma, na msikiti mzima, akamsahau mmoja tu, aliyesimama hatua chache kutoka hapo.

"Hakuna mwanamke!" akapiga kelele. "Zeyana, hakuna! Naosha vyoo!"

Turki akacheka kidogo, akidhani hakusikia vizuri. "Unaosha nini?"

"Vyoo. Vya kambi ya manamba. Stoo hakuna, ukarani hakuna. Mimi ni topasi. Mke wa Eliudi hunitekea maji nikaoga, nisije nikaingia humu na najisi."

Bi Shamsiya aliinama upesi, akaunyakua Msahafu kutoka mbele yake, akaukumbatia ndani ya buibui. Hakukusudia ubaya, mkono ulikwenda wenyewe. Lakini Yaarub aliuona ule mkono, na pigo lake lilimwingia kuliko maneno yote ya Turki.

Turki alikuwa amesimama. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema polepole. "Wallahi, afadhali. Mwanamke ningesema shemeji yangu ana tamaa, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hili nitasema nini dukani? Mteja ataniuliza, nitamjibu nini?" Akageukia pazia. "Baba alikuoza kwa huyu kwa sababu alikuwa kufu yako, watu wa daraja moja. Topasi si kufu ya binti yetu. Hiyo ndoa haina mguu wa kusimamia tena. Zeyana! Vaa buibui twende."

Pazia likafunuliwa. Zeyana akatoka kichwa wazi, uzi mwekundu ungali umemkwama kwenye mkono wa gauni. Akampita kaka yake kama anavyompita mgeni, akasimama mbele ya mumewe.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku niliyokutungia uzi."

Macho yake yalilainika kidogo, na Yaarub akashusha pumzi. Akaishusha mapema.

"Na sasa hivi ulisema umekosa," Zeyana akasema. "Nimekusikia. Ulitaka niishi na hilo moyoni maisha yangu yote, kwamba mume wangu ana mwanamke Makorora, ili Mwinyijuma asijue unashika ufagio. Kuniumiza mimi kumekuwa rahisi kwako kuliko kuvua hiyo kanzu."

Tangu aanze kazi ile Yaarub alikuwa ameinama juu ya mashimo yanayotapisha, akidhani ameijua aibu mpaka mwisho wake. Kumbe alikuwa hajaionja.

"Zeyana, nimesema buibui!"

"Mchukue mama, kaka," akajibu bila kugeuka. "Duka lako limefungwa kitambo."

"Ukibaki hapa, kwangu usikanyage tena."

"Nimesikia."

Turki akatoka akivuta makubazi yake kwa hasira, moja likamtoka mguuni akarudi kulifuata, na hapo hata hasira yake ikapungua uzito. Bi Shamsiya alimfuata akilia, Msahafu kifuani, akamgusa bintiye shavuni, na mkwewe hakumgusa.

Yaarub akainua mkono kutaka kumshika mkewe, akaurudisha.

"Kesho utaoga hapa," Zeyana akasema.

"Zeyana, watu wa barazani..."

"Utarudi na nguo zako za kazi. Utapita mbele ya Mwinyijuma na wenziwe wote. Utaingia kwa mlango huu wa mbele. Ukioga tena Makorora, kaa hukohuko."

Akarudi kwenye kofia yake, akaiinamia.

Kesho yake Elizabeti alikuwa ameteka maji kama kawaida. Yaarub aliitazama ndoo. Maji yalikuwa safi, yametulia, na ua wa makuti ulikuwa na kivuli kizuri.

"Leo sitaoga, shemeji," akasema.

"Unaumwa?"

"Hapana."

Akaikunja kanzu, akaitia kwapani, akaondoka na kaptula yake yenye madoa. Njia ilikuwa ileile, lakini siku hiyo haikuisha. Alipokata kona ya mtaa wao mazungumzo ya barazani yalikatika, maneno yakabaki nusu midomoni mwa watu. Mwinyijuma alikuwa akimimina kahawa. Kikombe kilijaa, kikafurika, kikamwagikia vidole vyake, asijue.

"Asalaam aleikum," Yaarub akasema.

Mzee mmoja akakusanya upindo wa kanzu yake karibu na miguu. Mwingine akatazama pembeni. Salamu ile haiachwi bila jibu, basi jibu lilitoka, hafifu, kwenye mdomo ambao hakuujua ni wa nani.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa.

Akasukuma. Umekazwa kwa ndani. Akagonga, hakuna aliyeitika. Mgongoni alihisi macho ya baraza nzima. Akawaza kwamba Turki amerudi asubuhi. Akawaza buibui, na kitanda kitupu, na kofia ya viua iliyoachwa nusu juu ya mkeka. Akagonga tena.

"Hodi," akasema mlangoni kwake mwenyewe.

Barazani mtu akakohoa.

Kisha komeo likavutwa. Zeyana alisimama kizingitini, mikono ya gauni imekunjwa, jivu shavuni, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Alimtazama kutoka utosini mpaka miguuni, bila haraka, na pua ikamkunjamana.

"Unanuka," akasema, kwa sauti ya kufika barazani.

"Ndiyo," Yaarub akajibu.

"Pita basi, mume wangu. Maji yanapoa."

Akampisha, akaingia nyuma yake, na mlango akauacha wazi.